Springi Laini ya Triga: Namna ya Kuipima, Kuijaribu na Kuitunza Katika Hewa ya Tanga

Bunduki yangu ya kuwindia, ya risasi za .30-06 na yenye bolti (kile chuma kinachoifungia risasi kwa nyuma) ya mtindo wa Mauser, niliifungia springi laini ya triga ili nisiwe navuta mtutu pembeni kila ninapofyatua. Mwezi wa kwanza nilifurahi. Kwenye shabaha matundu yalikusanyika pamoja kuliko nilivyowahi kuyaona. Baada ya miezi saba, katika mvua za vuli, nilikwenda upande wa Handeni kwa kibali kuwinda nguruwe pori. Nilipofunga bolti sikuusikia ule uzito wa mwisho ambao mkono wangu umeuzoea. Pini, ile inayoigonga risasi, ilikuwa imefuata bolti hadi mbele. Triga haikuwa imerudi mahali pake, kwa hiyo hakikuwepo kitu cha kuishika pini. Mtutu ulikuwa umeelekea ardhini, na risasi haikulipuka. Nilikaa chini ya mti kwa muda mrefu kabla ya kuigusa tena.

Niliporudi mjini nilimpelekea fundi mwenye leseni. Aliifungua, akaiweka springi juu ya karatasi nyeupe, akaipima kwa venia, kile kipimio cha milimita, na kuilinganisha na mpya. Urefu ulikuwa uleule. Akaniambia: "Mwanangu, springi hii haina ugonjwa. Wagonjwa ni majirani zake." Kando ya triga palikuwa na tope jeusi la mafuta yaliyoganda na vumbi jekundu, na ukutani mwa tundu la springi kipele kidogo cha kutu.

Tangu siku hiyo nimeliangalia jambo hili kwa jicho jingine. Watu huuliza: springi laini hudumu muda gani? Swali la kuuliza ni hili: ikishafanya kazi yake, inabakiwa na akiba kiasi gani ya nguvu? Springi nzito ya kiwandani inaweza kusukuma triga irudi hata pakiwa na uchafu, kwa sababu ina nguvu ya ziada. Ile laini imeuza ziada hiyo ili upate mvuto mwepesi. Mwongozo huu ni wa kuilinda akiba iliyobaki. Ni kwa mwenye silaha ya halali, ya kuwindia au ya shabaha, anayeishi kwenye hewa ya chumvi kama yetu, iwe Tanga mjini, Pangani, Mkinga au kule Bagamoyo.

Kabla ya yote

Toa magazini. Fungua bolti, angalia chemba (tundu linamokaa risasi) kwa macho, kisha ingiza kidole uhakikishe. Risasi zote zipeleke chumba kingine, si kwenye meza hiyohiyo. Elekeza mtutu mahali ambapo hata kosa likitokea halitamfikia mtu, na kumbuka kwamba ukuta wa matofali ya bloku au wa udongo si kinga. Ukitoka kidogo, hata kama ni kupokea simu tu, anza upya ukaguzi wa chemba unaporudi.

Kazi ya kufungua kitasa cha triga na kubadilisha springi mpe fundi mwenye leseni. Silaha zetu ziko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na matengenezo si kazi ya kila mwenye bisibisi. Wewe mmiliki kazi yako ni kupima, kujaribu, kusafisha, kuandika, na kujua ni lini uikatae kazi uliyoletewa.

Hatua ya kwanza: jua ni springi ipi inayozungumzwa

Ndani ya bunduki ya bolti kuna springi zaidi ya moja, na watu huzichanganya. Kuna kubwa ndefu iliyo ndani ya bolti, inayoisukuma pini igonge kitako cha risasi. Hiyo usiipunguze kamwe kwa ajili ya triga. Ukiilegeza, risasi nyingine hazitalipuka, na za .22 ndizo zitakazoanza kukuaibisha kwa sababu zinahitaji kugongwa kwa nguvu ukingoni.

Kisha kuna springi ndogo ya triga, inayoirudisha mbele baada ya kufyatua. Na katika bunduki nyingi kuna springi nyingine ya kile kijino kinachoishika pini isiende mbele. Kwenye baadhi ya bunduki springi moja inafanya kazi zote mbili. Muulize fundi wako akuonyeshe kwa kidole ni ipi atakayoibadilisha. Akisita, chukua bunduki yako uondoke.

Triga zenye skrubu za kurekebisha zinahitaji tahadhari ya pekee. Mara nyingi skrubu moja ni ya uzito wa springi, nyingine ni ya kiasi ambacho kijino kinashikana na triga, na ya tatu ni ya mwendo wa triga baada ya kufyatuka. Hiyo ya pili ndiyo yenye roho ya mtu. Ukipunguza mshikano ili mvuto uwe mfupi, na juu yake ukaweka springi laini, umeondoa kinga mbili kwa mpigo mmoja.

Hatua ya pili: pima uzito wa sasa, na uandike

Huhitaji kifaa cha bei kubwa. Mizani ndogo ya kidijitali ya kuning'iniza, kama zile wanazopimia samaki pale Deep Sea, inatosha, mradi uihakiki kwanza kwa chupa ya maji. Lita moja ya maji ni kilo moja. Toa uzito wa chupa tupu, uone kama mizani inasema kweli.

Ukiwa huna mizani, tumia njia ya zamani: simamisha bunduki tupu iliyokokiwa, mtutu juu, funga chupa tupu kwa kamba kwenye mkunjo wa triga, kisha mimina maji polepole mpaka ifyatuke. Mililita moja ni gramu moja. Ongeza uzito wa chupa na kamba, umepata jibu.

Ndoano au kamba ikae katikati ya mkunjo wa triga, na uvute moja kwa moja kuelekea nyuma, bila haraka. Fanya mara kumi. Andika zote kumi, usichague zile nzuri. Wengi huchukua wastani wakaridhika, na hapo ndipo wanapojipunja, kwa sababu wastani unaficha kasoro. Angalia tofauti kati ya kipimo kidogo kabisa na kikubwa kabisa. Triga ya gramu 1,500 inayocheza kati ya 1,470 na 1,530 ni mali. Triga ya gramu 1,200 inayoruka mara 950 mara 1,450 ina kitu kinachokwama ndani, na springi laini haitakiponya. Itakizidisha. Kwa bunduki ya kuwindia mimi sikubali tofauti ipitayo gramu 100.

Bunduki ya .22 usiikokie na kuifyatua ikiwa tupu mara nyingi bila risasi bandia ndani ya chemba. Katika baadhi ya aina, hasa za zamani, pini huugonga ukingo wa chemba na kuuharibu.

Hatua ya tatu: chagua uzito kwa kazi, si kwa majivuno

Kwa bunduki ya kubeba porini, inayopanda milima ya Usambara au inayokaa nyuma ya pikipiki kutoka Korogwe hadi Kilindi, sishuki chini ya kilo 1.4. Kati ya hapo na 1.8 panatosha kwa mkono wa kawaida. Kwa mnyama anayeweza kukurudia, kama nyati, napendelea kilo 1.8 hadi 2, kwa sababu moyo ukidunda na jasho likiingia vidoleni, kilo moja inakuwa kama si kitu.

Kwa shabaha mambo ni tofauti. Bunduki inalala juu ya mfuko wa mchanga, haina vumbi la safari, na mtutu hauondoki kwenye mwelekeo wake. Hapo unaweza kwenda chini ya kilo. Lakini hata kwenye michezo mikubwa, sheria za shirikisho la kimataifa la shabaha, ISSF, kwa bunduki ya kawaida ya mita 300 zinataka triga isiyopungua gramu 1,500, na kwa uzito huo watu wanashinda medali. Nawaambia haya vijana wanaodhani kwamba bila triga ya gramu 500 hawatagonga kitu.

Hatua ya nne: springi yenyewe

Nunua iliyotengenezwa kwa ajili ya bunduki yako hasa, yenye jina la modeli kwenye pakiti. Springi ya kalamu, ya kiberiti au ya redio, hata ikiingia vizuri kwenye tundu, haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Usikubali springi iliyokatwa. Hii ndiyo njia ya mkato ya mafundi wa uchochoroni, na hesabu yake inawageuka. Ugumu wa springi unategemea idadi ya mizunguko yake: mizunguko ikipungua, kila mmoja uliobaki unafanya kazi zaidi na springi inakuwa ngumu zaidi kwa kila milimita unayoibana. Uzito wa mwanzo unashuka kwa sababu imekuwa fupi, kisha unapanda ghafla. Na pale ilipokatwa pana ncha isiyokaa bapa, kwa hiyo springi inainama, inasugua ukuta wa tundu, na vipimo vyako kumi havitafanana hata viwili. Kuichoma moto ili ilainike ni kosa baya zaidi, maana chuma kinapoteza ile hali iliyokifanya kirudi kikibanwa.

Springi nyingi laini zinapatikana kwa kupunguza unene wa waya. Hapa kaa na kalamu, maana ndipo hewa ya pwani inapoingia. Ugumu unafuata unene wa waya uliozidishwa kwa wenyewe mara nne. Waya wa milimita 0.6 ukiubadilisha na wa 0.5, mengine yote yakibaki vilevile, ugumu unashuka chini ya nusu. Sasa weka kutu. Waya wa milimita 1 ukiliwa na kutu ukabaki 0.95, umepoteza chini ya moja ya tano ya ugumu wake. Waya wa 0.5 ukiliwa kiasi hichohicho ukabaki 0.45, umepoteza theluthi nzima. Kutu ileile, hasara karibu mara mbili. Tena kila kipele cha kutu ni mahali ambapo ufa unaweza kuanzia baada ya kubanwa maelfu ya mara.

Kwa hiyo pwani naipendelea springi ya chuma kisichoshika kutu pale inapopatikana, hata kama ni ghali kidogo. Haina ugumu sawasawa na ya chuma cha kawaida cha springi, ila aliyeitengeneza ameshalihesabu hilo.

Kuhusu joto, usiwe na wasiwasi. Gari lililoachwa juani mchana kutwa halifikii joto la kulegeza chuma cha springi. Linachoharibu ni mafuta, yanayokauka na kuacha utando. Na kule kubanwa muda mrefu, kunakoogopwa sana, springi nzuri isiyobanwa kupita kiasi chake inavumilia. Hata hivyo bunduki ihifadhi ikiwa haikukokiwa.

Hatua ya tano: majaribio ya kukubali au kukataa

Bunduki ikirudi kutoka kwa fundi, ijaribu ikiwa tupu kabla ya kulipa kiasi kilichobaki. Angalia chemba tena, kisha fanya haya kwa utaratibu.

Fungua bolti na uifunge kwa nguvu, kama mtu anayeharakisha risasi ya pili, mara 20. Kila mara tazama nyuma ya bolti kama pini bado imeshikwa. Ikianguka hata mara moja tu, kazi imekataliwa. Usiseme "ilikuwa bahati mbaya, ngoja nijaribu tena." Moja kati ya ishirini ni nyingi mno.

Weka seifti, yaani kifungio cha usalama. Vuta triga kwa nguvu kidogo kuliko kawaida, iachie. Ondoa seifti bila kugusa triga. Pini isianguke. Jaribio hili ndilo linalofichua springi isiyo na akiba: triga ilivutwa, ikashindwa kurudi, na seifti peke yake ndiyo iliyokuwa ikishikilia. Rudia mara kumi, na kati ya hizo, chache ufanye mtutu ukiwa juu na nyingine ukiwa chini, kwa sababu uzito wa triga yenyewe unaweza kuisaidia springi upande mmoja na kuipinga upande mwingine.

Halafu vuta triga nusu tu, isifyatuke, uiachie polepole. Irudi yote. Ikibaki katikati, umebakiza nywele.

Mwisho, kokia bunduki tupu, seifti ikiwa imeondolewa, na ugonge kitako juu ya mkeka mnene, kisha gonga pande zake kwa nyundo ya mpira, si kwa kuivunja bali kama inavyogongwa na mlango wa gari au kisiki. Pini ikianguka, irudishe kwa fundi siku hiyohiyo.

Baada ya hapo ivute mara mia mbili hivi, ukiwa na risasi bandia ndani, na upime tena mara kumi. Springi mpya hujipanga kidogo mwanzoni. Kipimo hiki cha pili ndicho cha kuandika kwenye daftari kuwa ndicho cha kulinganishia siku zote.

Hatua ya sita: kuisafisha kwa hewa yetu

Hapa ndipo bunduki yangu ilipofia, kwa hiyo nitasema kwa urefu.

Mafuta mengi ndani ya triga ni adui. Kila tone linashika vumbi, na vumbi jekundu la Handeni likichanganyika na mafuta linakuwa kama grisi yenye mchanga. Nyuzi na vumbi la mashamba ya katani navyo hupenya kila upenyo. Mafuta ya nazi, ambayo wazee wetu waliyapaka kwenye chuma cha nje, yasiingie ndani ya triga kabisa, kwa sababu yanaganda. Zile dawa za kupuliza za kulegeza kutu nazo huacha utando unaozidi kunata kadiri miezi inavyokwenda. Mimi mwenyewe nilikuwa napuliza kila Jumapili nikidhani naitunza.

Triga isifunguliwe kila mara. Toa bolti, geuza bunduki ili uchafu utoke na usiingie, kisha osha sehemu ya triga kwa petroli kidogo ya kujazia viberiti, nje ya nyumba, mbali na jiko na sigara. Inayeyusha utando na inakauka yenyewe. Mswaki wa zamani unasaidia kwenye kona. Ikikauka, tone moja la mafuta mepesi ya bunduki kwenye ncha ya kijiti, kwenye mhimili tu, na futa yaliyozidi. Baadhi ya watengenezaji wanataka triga ikae kavu kabisa. Kitabu cha bunduki yako kikisema hivyo, kifuate.

Usiihifadhi bunduki ndani ya begi lenye sponji. Sponji inanyonya unyevu wa bahari na kuukumbatia chuma. Begi ni la safari. Nyumbani ikae kwenye kabati la chuma lenye kufuli, pamoja na vifuko vya chembechembe za kunyonya unyevu, ambavyo vinakaushwa na kurudishwa. Ukirudi na bunduki iliyolowa mvua au iliyovuka Mto Pangani kwenye upepo wa bahari, ishughulikie usiku uleule kabla hujalala.

Kuna kisa kinachojulikana kinachoonyesha kuwa hatari si springi peke yake. Aprili 2014 kampuni ya Remington ya Marekani ilitangaza kurudisha bunduki za Model 700 na Model Seven zenye triga ya X-Mark Pro, zilizotengenezwa kati ya 1 Mei 2006 na 9 Aprili 2014. Sababu ilikuwa gundi iliyozidi wakati wa kuunganisha sehemu, ambayo ingeweza kuifanya bunduki ifyatuke bila kukusudiwa. Kitu kidogo chenye kunata, mahali pasipotakiwa. Ukinunua bunduki ya mkono wa pili ya aina hiyo, hakikisha kwanza ilishafanyiwa marekebisho hayo.

Hatua ya saba: kalenda na daftari

Mimi hupima mara tatu kwa mwaka: kabla ya masika mwezi Machi, masika yakiisha Juni, na kabla ya vuli mwezi Oktoba. Zaidi ya hapo, kabla ya kila safari ya porini nafanya majaribio mawili tu, lile la bolti na lile la seifti. Yanachukua dakika tano.

Daftari liwe na tarehe, vipimo kumi, idadi ya risasi ulizopiga tangu mara ya mwisho, na maelezo ya hali ya hewa au safari. Uzito ukishuka au kupanda kwa zaidi ya gramu 150 kutoka kwenye kipimo cha kulinganishia, simamisha matumizi. Ukipanda, mara nyingi ni uchafu au kutu. Ukishuka, fikiria springi iliyochoka, skrubu iliyolegea au nyuso za kijino zilizoliwa. Hili la mwisho ni la fundi tu, usijaribu kulisugua kwa msasa.

Springi ile ya zamani ya kiwandani usiitupe. Ipake mafuta, ifunge kwenye kipande cha nailoni, andika jina la bunduki na tarehe. Yangu ilikaa kwenye droo miezi saba, na ndiyo niliyoirudishia ile .30-06. Ile laini niliihamishia, kwa mkono wa fundi, kwenye bunduki nyingine ya modeli hiyohiyo ninayoitumia kwa shabaha tu, na hadi leo inanitumikia vizuri, kwa sababu huko haikutani na vumbi la Handeni.

Ikikushinda ukiwa porini

Ukivuta triga ukasikia "tak" bila mlipuko, shikilia mtutu upande salama na uhesabu hadi 30 kabla ya kufungua bolti, maana risasi inaweza kuchelewa kulipuka. Ukifunga bolti na pini ikafuata mbele kama ilivyonitokea, usijaribu kuikokia tena ukiwa na risasi ndani. Mwelekeze kila mtu awe nyuma yako, mtutu uelekee kwenye udongo laini, fungua bolti polepole, toa risasi, toa magazini, na mwondoke na bolti ikiwa mfukoni. Uwindaji wa siku hiyo umekwisha, na mwambie hivyo askari wa wanyamapori aliyefuatana nawe, bila kuona haya.

Tope likiwa ndilo chanzo, utashawishika kumwaga maji au mafuta kwenye triga ili irudi. Itarudi kweli, mara tano au sita. Mimi niliiona ikirudi pale chini ya mti, ikiwa tupu, nikataka kuendelea. Mara ya saba ikabaki nyuma.